Sisi kwa Ndege, Yeye kwa Basi

Nilitaka kwenda Mwanza kwa treni. Naanza na hilo kwa sababu ni jambo pekee katika habari hii ninaloweza kulisema bila kuona haya.

Ilikuwa Novemba, tumekaa mezani mimi na mume wangu, daftari la matumizi ya nyumbani liko wazi, tunapanga likizo ya Krismasi: Dar hadi Mwanza, siku mbili tatu mjini, halafu meli mpaka Nansio, Ukerewe. Ukerewe ilikuwa hamu yangu ya siku nyingi kwa sababu ya Aniceti Kitereza. Wengi mnaosoma hapa mnamfahamu. Kwa asiyemfahamu, huyu ndiye mzee wa Ukerewe aliyemaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kikatoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya yeye kufariki. Kitabu hicho kinatembea kwa miguu. Mtu akienda ukweni, msomaji anakwenda naye, na njiani kuna salamu, kuna kupumzika, kuna kuulizana habari za huko mtu atokako. Niliona ni aibu kumwendea mwandishi wa namna hiyo kwa kuruka juu ya nchi nzima kwa saa moja na nusu.

Kwa hiyo nikapendekeza treni. Ile ya umeme ilianza kupeleka abiria Morogoro Juni 2024 na mwezi uliofuata ikafika Dodoma, lakini kwa wakati huo ilikuwa inaishia hapo. Vipande vya kwenda Tabora, Isaka na Mwanza vilikuwa bado vinajengwa. Ukitaka kufika ziwani kwa reli, unabaki na ile ya zamani, ambayo Wajerumani walianza kuilaza kutoka Dar mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma 1914, na Waingereza wakaongeza tawi la Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. Unapanda Dar, unalala humo, unaamka humo, unalala tena. Nilimweleza mume wangu yote hayo kwa hamasa: stesheni, akina mama wanaouza kuku na asali dirishani, mtoto wetu wa miaka mitano akiiona nchi yake ilivyo pana.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Lini mara ya mwisho umepanda hiyo treni?"

Sijawahi. Yeye amewahi, miaka minne mfululizo, alipokuwa anasoma Tabora. Akasema treni inamnogea yule ambaye akichoka anaweza kushuka Dodoma akapiga simu kuomba atumiwe nauli ya ndege. Sikuwa na jibu. Gari letu nalo halikujadiliwa zaidi ya dakika moja. Lina umri wa kumkaribia dada wa kazi, na kilomita zaidi ya 1,100 kwenda tu zingelimaliza. Basi la abiria nililikataa mimi mwenyewe, tena haraka. "Na mtoto? Barabarani Desemba? Hapana."

Nafanya kazi kwenye gazeti. Kwa miaka kadhaa nimekaa dawati la habari, na Desemba pale dawatini ina mpangilio wake: magari yanayokwenda mikoani, vyombo vya usalama vikitoa tahadhari, halafu habari zenyewe zinaanza kuingia. Nazijua kwa muundo. Watu kadhaa wamefariki dunia na wengine kujeruhiwa baada ya basi walilokuwa wakisafiria. Chanzo, mwendokasi, au kujaribu kulipita gari la mbele. Majina ya marehemu hayajafahamika. Nimezihariri nyingi kiasi kwamba nikiona basi refu linalipita lori mlimani, kichwa cha habari kinajiandika chenyewe kichwani. Kwa hiyo nilipokataa basi sikuwa nabahatisha. Nilikuwa najua ninachokikataa.

Ndege ikapita. Mume wangu akaandika kiasi, akapiga mstari chini, akapumua.

Hapo ndipo dada, ambaye alikuwa jikoni anaosha vyombo, akatokeza mlangoni huku anajifuta mikono, akauliza: "Sasa mama, mimi nikate tiketi ya basi ya jioni ya siku hiyo hiyo?"

Kwao ni Sengerema. Yaani ukishafika Mwanza, unavuka tu. Zamani ilikuwa lazima kusubiri kivuko cha Kigongo na Busisi. Sasa kuna daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, na basi linapita juu ya maji kwa dakika chache. Ana miaka 22, yuko kwetu mwaka wa tatu, na kila Desemba tunampa wiki aende kumwona mama yake. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, sisi na yeye tulikuwa tunakwenda upande mmoja, siku moja, ziwa moja.

Nikamjibu, "Ee, kata." Aliporudi jikoni ndipo nilipolisikia jibu langu.

Ningependa kuwaambia kwamba nilishtuka. Ukweli ni kwamba kwanza niliona kama kuna kitu hakijakaa sawa kwenye hesabu, kama mtu anayerudishiwa chenji pungufu akawa hajui imepungua wapi. Dakika kumi nyuma nilikuwa nimesema kwamba basi, Desemba, ni hatari isiyokubalika. Sikusema isiyokubalika kwa mtoto wa miaka mitano. Nilisema isiyokubalika. Kisha nikaikubali kwa mtu anayelala chumba cha pili, anayemwogesha huyo mtoto, anayejua dawa yake ya kifua iko droo gani.

Kuna majibu ya haraka, na yote niliyapitia. La kwanza, mtoto ni wangu na yeye si wangu. Sawa, lakini ni jibu la nani nimwokoe kwanza mtumbwi ukipinduka. Hapa hakuna mtumbwi uliopinduka, kuna mtu anapanga safari mwezi mmoja kabla, ana daftari na kalamu. La pili, kila mtu anasafiri kwa uwezo wake. Hili lina nguvu zaidi kwa sababu ndivyo tunavyoishi wote. Bosi wangu hanikatii tiketi ninapokwenda nyumbani, na sijawahi kudhani ananikosea. Ila uwezo wa dada naujua mpaka shilingi ya mwisho, kwa sababu naupanga mimi kila mwisho wa mwezi. Siwezi kusema "uwezo wake" kana kwamba ni mvua, imenyesha kidogo upande wake.

La tatu ndilo gumu: mamia ya watu wanapanda mabasi hayo kila siku na wanafika. Ni kweli. Na ndege nazo zinaanguka. Hatuhitaji kukumbushwa, Novemba 6, 2022, ndege ilitumbukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba, watu 19 kati ya 43 waliokuwamo wakafariki, na waliofika mwanzo kuwaokoa waliobaki walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Lakini angalieni tulivyoizungumza ajali ile. Tuliwajua marubani, abiria, waokoaji, tuliijua hata saa. Sisi wa magazetini tuliandika wiki nzima na zaidi, na ilistahili. Idadi kama hiyo ikifia barabarani inapata siku mbili. Nimekuwa mmoja wa wanaoamua ipate siku mbili. Kwa hiyo niliposema moyoni "wengi wanafika", nilikuwa natumia mizani niliyoizoea kazini.

Kesho yake nilimwambia mume wangu tumkatie na yeye ndege. Kwenda tu, kurudi atajua. Tiketi ya wakati ule ilikuwa karibu mara tano ya nauli ya basi. Hakubisha, jambo lililonishangaza. Alisema tu, "Muulize kwanza."

Nikamuuliza. Alicheka, akadhani ni utani. Alipoona si utani akasema atafikiria, na usiku ule nikajiona nimekuwa mtu mwema. Asubuhi akaja na jibu, akiwa ameinamisha kichwa kidogo kama afanyavyo anapotaka kuomba kitu: "Mama, samahani. Hiyo hela ya ndege si ungenipa tu mkononi? Mimi nipande basi, inayobaki ninunue bati. Nyumba ya mama inavuja."

Mume wangu aliposikia alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwanasheria ambaye shahidi wake amesema alichotarajia. Kwake suala limeisha. Mtu mzima mwenye akili zake amepewa nafasi ya usalama na nafasi ya bati, amechagua bati. Wewe nani umkatalie? Tena akaongeza neno lililonichoma: "Ukimlazimisha apande ndege, hiyo tiketi hujamnunulia yeye. Umejinunulia usingizi."

Nimelifikiria sana neno hilo. Nadhani ana haki kwa nusu. Kumlazimisha mtu achukue usalama badala ya paa la mama yake ni kiburi, hata kikija kimevaa huruma. Mwenye shida anaijua shida yake kuliko mfadhili. Lakini nusu nyingine inanikataa. Kusema "amechagua mwenyewe" kunamtaka mtu asiangalie aliyepanga vitu vya kuchaguliwa. Mimi mwanangu sijawahi kumwekea mezani paa na usalama nikamwambia achague kimoja. Wala mimi mwenyewe sikuwekewa. Mwaka jana bati letu lilivuja tukaita fundi, na Desemba tukapanda ndege, na hakuna kati ya hayo lililomla mwenzake.

John Rawls, yule mwanafalsafa wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1971 alipendekeza kwamba tukitaka kujua kama mpango ni wa haki, tujifanye tunaupanga tukiwa nyuma ya pazia, hatujui tukitoka hapo tutakuwa nani. Nililisoma hilo chuo kikuu, nikafaulu mtihani wake, nikaenda zangu. Sikuwahi kulijaribu kwenye daftari la matumizi. Nikalijaribu usiku mmoja wa Desemba, mtoto kalala. Nikajiambia: panga safari hii bila kujua kama asubuhi utaamka uwe mama wa nyumba hii au dada wa nyumba hii.

Nilitegemea jibu litakuwa la nauli. Kwamba ningesema wote tupande ndege, au wote tupande basi. Hilo la pili hata halina maana: sote watano, pamoja na wifi yangu aliyekuwa anatusindikiza, tukae roho mkononi ili mimi nisione haya? Dada asingepata chochote kutokana na mateso yetu. Nilichokiona kilikuwa kingine kabisa, na nilikiona nilipoanza kuandika tarehe.

Sisi: kuondoka Jumapili tarehe 21 asubuhi, kurudi Jumanne tarehe 30. Usiku tisa ziwani.

Yeye: nilikuwa nimemwambia abaki mpaka tutoke, atusaidie kufungasha, afue mashuka, afunge nyumba. Basi la jioni tarehe 21. Nilikuwa nimemwambia pia awe amesharudi siku moja kabla yetu, nyumba isitukute na vumbi. Kwa hiyo aondoke Mwanza jioni ya tarehe 28. Usiku sita kwao, na siku ya kwanza na ya mwisho zikiwa nusu nusu.

Sasa kwa nini basi la usiku? Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1990, mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku hapa kwetu kwa sababu ya ajali. Ruhusa imerudi mwaka 2023. Nilikuwa nimemshauri aende la alfajiri, mchana dereva anaona. Akanijibu kwa upole kwamba la alfajiri ya tarehe 22 lingemfikisha Mwanza usiku wa manane, alale stendi, afike kwao tarehe 23. La usiku linamwokolea siku. Yaani alikuwa tayari kupita mlima Sekenke gizani ili apate siku moja ya kukaa na mama yake. Na siku hiyo moja nilikuwa nayo mimi. Sikuhitaji shilingi hata moja kumpa. Ilitosha kumwambia aondoke Jumamosi alfajiri, mashuka nifue mwenyewe.

Na hapo sijaigusa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo yenye malipo, na haikumtoa mfanyakazi wa nyumbani. Naijua vizuri, nimewahi kuandika makala nzima kuhusu waajiri wanaoikiuka, na niliwaita majina. Zangu 28 nazidai ofisini mpaka ya mwisho. Zake tulimpa nane, tukaziita "wiki na kidogo", na tulijiona wakarimu kwa hicho kidogo.

Kwa hiyo ile hoja kwamba ndege ni ya mtu ambaye muda wake ni mchache inanichekesha sasa, kicheko kibaya. Mwenye siku 28 ndiye aliyefika kwa saa moja na nusu. Mwenye siku nane ndiye aliyezitoa mbili barabarani. Tumezoea kusema kasi inauzwa ghali kwa sababu muda ni mali. Hatuulizi muda huo umetoka kwa nani. Mwingi wa kwangu unatoka jikoni kwangu mwenyewe. Ninaandika haya saa tatu usiku kwa sababu kuna mtu anamlaza mtoto.

Nilifanya nini? Nilibadilisha tarehe ya kwenda. Nikampa hela mkononi kama alivyoomba, nikamwambia aondoke Jumamosi tarehe 20, basi la alfajiri. Aliniangalia kama mtu anayetafuta mtego. "Na mashuka?" Nikamwambia ya mashuka aniachie. Tarehe ya kurudi sikuigusa. Nilijiambia nimeshafanya vya kutosha, na nadhani pia niliogopa vumbi.

Tulimpeleka stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa na begi, ndoo mpya yenye sabuni na sukari, na doli ambalo mwanangu alimpa ampelekee "bibi wa Sengerema". Basi lilikuwa jipya jipya, jambo lisilomaanisha kitu. Nikamtazama dereva kupitia kioo kama vile ningeweza kuusoma uso wake. Alikuwa anakunywa chai.

Siku ile sikufanya kazi. Alituma ujumbe Morogoro, akatuma Dodoma. Singida alipiga, nyuma kuna kelele za wauza kuku. Baada ya Singida kimya, na najua sana baada ya Singida kuna nini. Saa tatu usiku nikampigia, hapatikani. Saa nne, hapatikani. Nilifungua tovuti yetu wenyewe kuangalia habari mpya, kitu nilichokuwa nawaambia ndugu wa abiria wasikifanye. Saa sita kasoro akapiga kutoka Mwanza: simu ilizima chaji Nzega, yuko kwa shangazi yake, ameshakula.

Mume wangu akasema, "Umeona?" Alimaanisha kwamba hakuna kilichotokea. Ni kweli, hakuna kilichotokea. Lakini kama kingetokea, mpango wangu ungekuwa uleule, wenye sababu zilezile, ulioandikwa kwenye daftari lilelile. Kufika kwake salama ni neema kwake na kwa mama yake. Mimi hakunisafishi.

Kesho yake tuliruka. Mwanangu alikaa dirishani, akaniuliza dada yuko wapi huko chini, nikamwonyesha mawingu. Tulikaa Mwanza, tuliona mawe yake, tukapanda meli kwenda Nansio, na Ukerewe ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Siku nyingine nitaiandikia makala yake, na Kitereza anastahili makala bila kelele zangu. Ila nikiri kwamba siku ya pili kule nilijikuta nashindwa kuisoma ile sehemu ya safari ya ukweni niliyokwenda nayo makusudi. Katika kitabu kile anayekwenda na anayesubiri wanatembea kwa mwendo mmoja.

Alirudi tarehe 29, kwa basi la usiku. Sisi tulirudi tarehe 30 tukakuta nyumba inanukia sabuni. Kulikuwa na michembe kwenye mfuko wa kaki na sato wakavu waliofungwa kwenye gazeti, na gazeti lenyewe lilikuwa letu. Usiku wakati wa kula mwanangu alimsimulia mawingu. Yeye akamsimulia alizeti za Singida, mzee aliyepanda na mbuzi Igunga akashushwa na mbuzi wake, daraja la Busisi na jinsi abiria wote walivyonyamaza basi lilipofika katikati ya maji. Alisimulia vizuri sana. Bati zilitosha chumba kimoja, za chumba cha pili bado.

Juzi, Agosti tu hii, amekuja sebuleni ameinamisha kichwa. Amesikia dada wa jirani mwaka huu amepewa mwezi mzima. Anauliza kama yeye anaweza kuondoka tarehe 5 Desemba. Nikamwambia ngoja nizungumze na baba. Akasema sawa mama, akasimama pale mlangoni kidogo, kisha akarudi jikoni, na mpaka naandika haya sijazungumza na mtu.